Mkono wenye picha na mkono mchafu si kitu kimoja

Mwezi wa saba mwaka uliopita mdogo wangu alinipigia simu saa tatu ya usiku. Anasoma uuguzi, alikuwa mwaka wa mwisho. Hakusalimia vizuri. Aliuliza tu: "Yaya, weye unajua madawa ya shamba. Hakuna asidi yenye inaweza kutosha hii kitu ku mukono?"

"Hii kitu" ni ndege mdogo, mbayuwayu, urefu wake kama kidole gumba, kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiganja. Alichorwa Kampala akiwa na miaka 18, alikuwa amekwenda likizo kwa shangazi. Hakuna historia kubwa nyuma yake. Hakuna rafiki aliyekufa, hakuna kiapo, hakuna kundi. Walikuwa wasichana watatu, waliona duka, wakaingia. Nalisema mapema juu najua mnapenda tatuaji yenye hadithi ya kuliza. Hii haina. Na kwa maoni yangu hailazimiki kuwa nayo.

Asubuhi ya siku ile alikuwa amefika kwenye hopitali moja ya mji wetu kuanza staji. Barua yake ilikuwa na muhuri, bluzi imepigwa pasi, notisi zote ziko ndani ya mfuko. Mkubwa wa serevisi akamshika mkono, akaugeuza, akamwambia mbele ya wenzake: "Hapa hatupokee batoto ba barabara. Utosha ile kitu ao uvae mikono mirefu." Kisha akaendelea na kazi yake. Ndiyo maana usiku mdogo wangu alikuwa anatafuta asidi.

Ndugu wahitimu, mimi ni muagronome. Si munganga, sina haki ya kufundisha hopitali namna ya kufanya kazi. Lakini nilisoma kidogo juu ya magonjwa, hata kama ni ya mimea, na najua kupima hoja. Nimesikiliza hoja tatu zenye tunarudilia kila mara juu ya waganga wenye tatuaji: usafi, imani ya mgonjwa, na desturi. Zote tatu zinasemwa kwa sauti ya hekima. Nataka tuzipime moja moja, bila kupendelea vijana wenzangu.

Tuanze na usafi, juu ndiyo hoja yenye nguvu. Hopitali si kanisa wala ofisi ya serikali: pale uchafu unaua. Kama picha kwenye ngozi inabeba mikrobu, basi mkubwa wa serevisi ana haki kabisa na mimi ninyamaze.

Lakini wino wa tatuaji unakaa wapi? Haukai juu ya ngozi sawa rangi ya kucha. Sindano inaupeleka chini, kwenye ngozi ya ndani. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya namna picha inavyodumu: chembe za kinga ya mwili zinameza wino, chembe moja ikifa inaachilia wino, nyingine inakuja kuumeza tena. Yaani ile picha iko ndani ya mikono ya walinzi wa mwili wenyewe. Juu yake kuna ngozi ya kawaida, yenye kuota na kubanduka kila wakati kama ya mtu yeyote. Kidonda kikishapona, sabuni na maji vinasafisha mkono wenye ndege sawasawa na mkono usio na ndege.

Sasa angalieni dawa yenye tuliandika. Mdogo wangu alikubali mikono mirefu, juu alihitaji staji. Wiki sita alivaa triko chini ya bluzi. Akitoka kufunga kidonda cha mtu, ile mikono ya triko inaenda naye kwa mtoto mchanga. Akinawa, anaipandisha, akimaliza, inashuka ikiwa na maji na inafunika kiganja tena. Mkono unanawiwa mara 30 kwa siku, triko linafuliwa jioni. Hopitali imeficha picha ya ndege, na mahali pake imeweka kitambaa chenye kutembea kitanda kwa kitanda.

Wenye kuchunguza haya walikwisha kuona tatizo la mikono mirefu zamani. Uingereza, mwaka 2007, serikali iliagiza wafanyakazi wa hopitali zake wawe na mikono wazi chini ya kiwiko: bila mikono mirefu, bila saa, bila bangili. Walisema hivyo ili mtu aweze kunawa vizuri mpaka juu ya kiganja. Sisemi tufuate kila kitu cha Wazungu. Nasema kama hoja yetu ni usafi, basi tufuate usafi mpaka mwisho wake, hata kama mwisho wake unatuonyesha ndege mdogo.

Kwetu wana agro jambo hili si geni. Mnakumbuka wilti ya migomba, ule ugonjwa wa bakteria ulioonekana Masisi mwaka 2001 na ukaenea Kivu nzima. Mkulima anaona majani yanageuka manjano, anafikiri tatizo ni lile jani. Anachukua kisu, anakata mgomba mgonjwa, kisha kwa kisu kile kile anakata majani ya mgomba mzima. Ni yeye mwenyewe ndiye amepanda ugonjwa. Tuliimba kila kijiji: pitisha kisu kwenye moto, ao kioshe kwa klori, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Hatukusema mgomba wenye alama ung'olewe. Kuna migomba yenye madoa meusi kwenye shina tangu kuzaliwa kwake na inazaa mikungu mizuri. Tulisema: angalia chombo.

Na chombo cha tatuaji ni sindano. Hapa ndipo nageuka kwenu, vijana wenzangu, juu sitaki mfikiri nimekuja kuwapongeza. Hatari ya tatuaji ipo, na iko kwenye siku ya kuchorwa. Sindano yenye ilitoboa mtu mwingine inaweza kubeba virusi vya ini B na C, na vya sida pia. Kile cha ini B kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza. Ndiyo maana Uingereza mtu akichorwa leo anangoja miezi 4 kabla ya kutoa damu. Kwetu nimeona kijana anachorwa chini ya paresoli ya kuuzia krediti, sindano imefungwa kwenye motere ya redio, wino umemiminwa kwenye kizibo cha soda, na watu watatu wanangoja zamu kwa sindano ile ile. Kama wewe unasoma uganga na unakaa kwenye kile kiti, usinililie kesho kwamba wamekubagua. Somo la kuchemsha vyombo ulilipata mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo ningekuwa mkubwa wa serevisi, ningekuwa na maswali mawili: Ulichorwa wapi, na kwa sindano gani? Umepimwa na umechanjwa juu ya ugonjwa wa ini? Hayo ni maswali ya munganga. Mdogo wangu hakuulizwa hata moja. Aliambiwa yeye ni mtoto wa barabara. Lile halikuwa swali la usafi tena.

Tuje kwenye hoja ya pili: mgonjwa hatamwamini. Hii naiheshimu zaidi, juu naijua. Mimi nilikuwa mwanafunzi hapa Butembo wakati wa Ebola. Epidemia ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na ilimalizika mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Hakuna mtu wa hapa anahitaji kufundishwa nini kinatokea wakati watu hawaamini waganga. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa siku chache baada ya kingine. Mwezi wa nne, daktari Mkameruni Richard Mouzoko aliuawa akiwa kwenye mkutano wa kazi ndani ya hopitali mjini mwetu. Imani ikivunjika, munganga anakufa na mgonjwa anakufa.

Lakini tukumbuke vizuri watu walikuwa wanaogopa nini. Wenye kuogopwa zaidi hawakuwa na ngozi yenye alama. Hawakuwa na ngozi ya kuonekana hata kidogo! Walikuja na magari mengi, wamevaa kombinezoni nyeupe, buti, miwani, glavu mbili, sawa kosmonoti. Mama wa mtu anapelekwa na mtu asiye na uso. Sababu za kutoamini zilikuwa nyingi, siwezi kuzimaliza hapa: mauaji ya Beni ya miaka mingi, pesa za Riposti, uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili wenye uliahirishwa kwetu peke yetu na miji michache. Hata hivyo kila mtu alikumbuka zile nguo.

Na nini kilisaidia? Beni walileta vyumba vya plastiki yenye kuonyesha, ili familia isimame nje na ione mgonjwa wao na watu wenye kumhudumia. Kabla ya hapo, kwenye Ebola ya Liberia, msanii Mmarekani Mary Beth Heffernan alikuwa ameanzisha kitu rahisi sana: kila mhudumu abandike picha ya uso wake kwenye kifua cha kombinezoni, akiwa anacheka. Kwetu vijana wa mtaa wenye kusema Kinande walipoanza kupita nyumba kwa nyumba, milango ilifunguka zaidi. Ilibidi watu wamwone mtu wa kweli, mwenye jina na mwenye mama anayejulikana.

Basi nauliza: mgonjwa anamwamini nani? Tusimchukulie mgonjwa wetu kama mtoto. Kwenye wiki ya nne ya staji, mama mmoja mzee mwenye sukari aliona mbayuwayu wakati triko lilipanda. Akauliza: "Mwanangu, hii ndege njo nini?" Mdogo wangu akajibu: "Mama, ni upumbavu ya zamani." Mama akacheka, akasema hata yeye alikuwa na wa kwake, akafungua kitenge kidogo karibu na bega, akamwonyesha mistari miwili ya kuchanjwa. Kesho yake akakataa kufungwa kidonda na mwingine. Alimtaka "mutoto wa ndege".

Sisemi kila mgonjwa yuko hivyo. Kuna mzee atakayekataa, na mgonjwa anayo haki ya kuogopa. Kuna pia picha ambazo mimi mwenyewe sitaki kuziona zikiinama juu ya mtoto wangu: mwanamke uchi, bunduki, tusi, alama ya kundi la wahalifu. Pale hopitali ina haki ya kusema funika, na kama haifunikiki, ina haki ya kufikiri mara mbili. Lakini hiyo inaamuliwa kwa kuangalia picha yenyewe inasema nini. Mbayuwayu hasemi kitu. Kumweka yeye na bunduki kwenye sanduku moja ni uvivu wa kuamua.

Hoja ya tatu ndiyo inayonichekesha na kuniudhi pamoja: "Si desturi yetu, ni mambo ya Wazungu."

Yetu ya nani? Nenda kwa Waluba wa Katanga. Kuna sanamu yenye wanaita mboko: mwanamke amekaa, anashika bakuli. Ilikuwa chombo cha yule mwenye kutafuta sababu ya ugonjwa na shida za watu. Ndani ya bakuli kulikuwa na udongo mweupe, mpemba. Na yule mwanamke kwenye tumbo lake mara nyingi fundi amechonga safu za alama, zile za kuchanjwa. Kwa Waluba wa wakati ule mwanamke asiye na alama alikuwa bado hajakamilika. Leo sanamu za namna hii ziko Tervuren, Ubelgiji, na Wazungu wanalipa tiketi kuziangalia. Chombo cha mganga wa zamani kilikuwa mwanamke mwenye tatuaji, na sisi tunamwambia mwanamke mwenye tatuaji hawezi kuwa munganga juu si desturi yetu.

Tena si lazima kwenda mpaka Katanga. Sikilizeni lugha yenu wenyewe. Sindano yenye tunapeleka watoto kupata dhidi ya surua na polio tunaiita nini? Chanjo. Na zile alama mbili mama yake baba yangu alikuwa nazo kwenye mbavu, zenye alikatwa utotoni na kupakwa dawa juu ya ugonjwa wa kifua, alikuwa anasema amefanya nini? Amechanjwa. Ni neno moja. Wazee wetu waliposikia daktari anafungua ngozi kidogo ili dawa iingie, hawakutafuta neno jipya, juu jambo walilijua. Wengi kati yetu tunabeba kwenye mkono ile kovu ya BCG, alama yenye serikali yenyewe iliweka kwenye ngozi yetu tukiwa wachanga, na hakuna aliyeitwa mtoto wa barabara. Wakati wa Ebola watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Kazi ya mdogo wangu kesho, kama atapata kazi, itakuwa kuchanja.

Mwingine atanijibu kwa Biblia, Walawi 19:28, pale inakataza kujikata juu ya wafu na kujiandika alama mwilini. Ni kweli imeandikwa, na mwenye kuifuata kwa mwili wake namheshimu. Lakini sura ni ile ile, mstari wa 19, unakataza kupanda mbegu za aina mbili kwenye shamba moja. Ndugu, mimi nalipwa kufundisha watu kuchanganya mahindi na maharagi! Na maharagi yale mkubwa wa serevisi anayala kila siku bila kutubu. Kama tumekubali kwamba mstari mmoja una historia yake na wakati wake, tusigeuze jirani yake kuwa kanuni ya kuajiri anfirmie.

Kuna wenye wataniambia nipeleke jambo hili kwenye sheria. Nimeangalia. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 13, inakataza ubaguzi kwenye masomo na kazi za serikali juu ya dini, kabila, ukoo, mawazo na mengine. Ngozi yenye picha haitajwi. Sitaki kuwadanganya kwamba tuna kesi. Tuna kitu kidogo zaidi: haki ya kuomba kanuni iandikwe. Kanuni ya mdogo wangu haikuwa imeandikwa popote, ilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja, asubuhi ile, kwa hasira ile. Shule inayotaka kukataa tatuaji ilitangaze siku ya kujiandikisha, kabla familia haijalipa miaka mitatu ya minervali. Hopitali inayotaka kufunika, ifunike kwa kitu kinachoweza kubadilishwa kati ya mgonjwa na mgonjwa, isiwe triko. Tatuaji mpya, yenye bado ni kidonda, ingoje ipone. Na picha ya matusi ijulikane ni picha ya matusi. Hivyo vinne vinaenea kwenye nusu ya karatasi.

Na wewe unayefikiri kuchorwa ukiwa kwenye masomo ya uganga, ngoja. Si juu ya dhambi. Ni juu ya kwamba mlango wa kazi kwetu ni mwembamba, na mwenye kushika ufunguo hajasoma makala hii. Ni aibu kuwapa ushauri huo, lakini ningempa mdogo wangu ushauri ule ule kama angeniuliza kabla ya Kampala.

Usiku ule wa simu nilimjibu hivi: asidi haitoshi picha peke yake, inatosha ngozi pamoja na picha. Inaacha shimo, shimo linatoa maji, na mkono wenye kidonda wazi ndio kweli haufai kugusa mgonjwa. Kuna wasichana wamejichoma kwa pasi ya makaa ili wapate kazi. Nilimwambia kama anafanya vile, nitapanda moto usiku huu huu nifike. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Basi, yaya. Nitavaa triko."

Alimaliza staji. Akapata diplome yake mwezi wa kumi na moja. Sasa yuko kwenye kituo kimoja cha afya, kijijini, bila mshahara bado, kama wengi wetu. Siku ya kwanza mkubwa wa kituo, mzee mmoja mwenye miwani, alimwomba mikono yote miwili. Aliona ndege, hakusema kitu. Akaangalia kucha kama zimekatwa, akamwonyesha ndoo ya klori. Siku ya Jumatano anachanja watoto.